Ubwenge wa Gasana

Ukimuuliza Gasana ni saa ngapi, atakuuliza unamngoja nani. Ukimuuliza kama amekula, atakwambia chakula cha siku hizi hakina adabu. Kagugu nzima, mtaa huo wa Kigali, wanamjua hivyo, tangu wauza matofali hadi mama wa mboga pale njia panda. Unamfuata na swali moja, unaondoka na matatu, na njiani unacheka peke yako kabla hujagundua kwamba jibu hukupewa.

Wanyarwanda wana neno la mtu wa namna hiyo. Wanasema ana ubwenge.

Neno hilo nalo lina mambo yake. Mtoto akifanya vizuri darasani, mama yake atasema ana ubwenge, na atalisema kwa sauti ili majirani wasikie. Dalali akimwonyesha mteja nyumba ile ile mara mbili kwa kupitia milango miwili, naye watasema ana ubwenge, ila safari hii sauti itashuka na mdomo utapinda kidogo. Neno ni lile lile. Ndani yake kuna akili, kuna hila, na kuna ule ustadi wa kujua lini uyafiche unayoyajua. Sisi kwa Kiswahili tumeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, akili huku, werevu kule, ujanja pale, na kila moja limepewa sifa yake au lawama yake. Kinyarwanda kimelibebesha mzigo wote neno moja, halafu msikilizaji ajitafutie.

Kaze, binti wa pekee wa Gasana, aliligusa neno hilo siku moja kazini akajuta. Anafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na si kazi nyepesi, kwa sababu wanafunzi wake wengi huja wakiamini kwamba Kiswahili ni lugha ya wapiga debe wa stendi ya Nyabugogo, ya mtu anayekushika mkono wa shati huku mwenzake amelishika begi lako. Aliwapa neno ubwenge ili walitafsiri. Nusu ya darasa wakaandika akili, nusu wakaandika ujanja, wakaanza kuzozana. Msichana mmoja aliacha pengo. Alipoulizwa akasema, "Mwalimu, inategemea ni nani anayesema." Kaze akampa alama zote, akarudi nyumbani akiwa na swali.

"Baba, hili neno ubwenge limetoka wapi?"

"Limetoka Nyabugogo na basi la asubuhi," Gasana akasema huku akimenya ndizi. "Lilisimama njia nzima, halikupata siti."

Lilikuwa swali la zamani baina yao. Alipokuwa mdogo, baba yake alimwambia neno hilo lilianza kwa nyuki, maana nyuki ndiye wa kwanza kuficha chakula chake na kuweka askari mlangoni. Alipokua kidogo likawa limeanzishwa na mchungaji wa ng'ombe wa mfalme, ambaye ndama alipomfia hakuthubutu kusema amekufa, akasema ndama ameacha kunyonya. Alipofika sekondari likawa limevuka mpaka kutoka kwa Wanyankole wa Uganda, kwa kuwa na wao wanalo, wanasema obwengye. Hili la mwisho lilikuwa na chembe ya ukweli, na ndiyo maana Kaze hakuliamini.

Gasana alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika familia ya wakimbizi. Kiswahili alikijua shuleni na mitaani, Kinyarwanda alikijua nyumbani na kwa sauti ya chini. Kujibu swali kwa swali alikupata kwa mama yake, mwanamke mkavu wa maneno ambaye hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwake na habari. Waliporudi Rwanda, katikati ya miaka ya tisini, kijana Gasana alikuta Kinyarwanda chake kinachekwa. Walisema kina harufu ya Tanzania. Basi akawa anahudhuria sherehe za kuposa, zile ziitwazo gusaba, hata asipoalikwa, anakaa mkiani mwa hema na kuwasikiliza wasemaji. Aliwasikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza mpira.

Asiyewahi kuona gusaba atadhani ni ugomvi. Upande mmoja wamekaa wenyeji, wazazi wa binti. Upande wa pili, wakitazamana nao, wamekaa wageni waliokuja kumposa. Wazazi hawasemi. Kila upande una msemaji wake, amejitanda shuka begani, fimbo mkononi, na siku hizi kipaza sauti. Msemaji wa wageni anaomba binti. Msemaji wa wenyeji anakataa. Anasema nyumba hii haijawahi kuwa na binti wa jina hilo. Anasema alikuwepo lakini ameshaposwa na watu waliowahi kufika, wenye saa. Anasema shangazi mtu amenuna. Wageni wanatakiwa wakivunje kila kizuizi kwa maneno, kwa kukumbushia ng'ombe waliowapa babu za wenyeji na visima walivyowachimbia bibi zao, na ng'ombe hao na visima hivyo havikuwahi kuwepo, na kila mtu hemani anajua. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Mwishowe wenyeji wanakubali, na hapo ndipo binti, ambaye muda wote huo amefichwa ndani, anatolewa kwa nyimbo. Hatoki kabla. Akitoka kabla, mchezo umeharibika.

Gasana alikuwa bingwa wa kukataa. Siku za kazi alikuwa dalali wa nyumba na viwanja hapo Kagugu, ambako kila mwaka kilima kinaota mapaa mapya. Jumamosi alikuwa msemaji wa wenyeji. Watu walimfuata kutoka Kiyovu na magari yao makubwa kumbembeleza aje akatae kwa niaba yao. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Na kanuni yake ilikuwa moja, aliwafundisha hata waliotaka kumrithi: usijibu moja kwa moja. Mtu akijibu moja kwa moja, mchezo umekwisha na pombe bado haijanywewa.

Sasa tatizo la mtu mwenye kipaji ni kwamba hakiachi mlangoni akiingia nyumbani. Marehemu mkewe, Mukasine, alikuwa akisema ameolewa na mtu mzuri ila hajui anachofikiri. Alilisema kwa kucheka, lakini alilisema mara nyingi mno. Alipougua, Kaze alikuwa shule ya bweni huko kusini, yuko kwenye mitihani ya mwisho. Kila alipopiga simu, baba yake alimjibu kwa bashasha. Mama? Mama amewashinda manesi kwa maneno. Mama leo ameulalamikia uji. Wewe soma. Mukasine wakati huo alikuwa hawezi hata kuumeza huo uji. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka mtoto asisumbuliwe, na Gasana alitii kwa njia pekee aliyoijua. Kaze alimaliza mitihani, akapanda basi, akafika nyumbani akakuta viti vya kukodi uani.

Hakumgombeza baba yake. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alichofanya ni kuacha kumuuliza mambo ya maana. Walicheka pamoja, walipika pamoja, waliishi vizuri kuliko nyumba nyingi, lakini jambo zito alilipeleka kwingine.

Kulikuwa na kimoja tu cha kila siku. Asubuhi, Gasana akishatoka uani na kikombe chake, aliita dirishani kwa Kaze: "Kaze! Leo kuna mvua?" Naye Kaze, bado yuko kitandani, mapazia yamefungwa, hata dari haioni vizuri, alijibu chochote. "Ipo, Baba." Au, "Haipo." Baba mtu alikuwa amesimama chini ya mbingu, anaiona yote kutoka upande wa mlima Jali mpaka upande wa mjini. Kaze alidhani ni utani wake mwingine, akauzoea kama anavyozoea mlio wa geti.

Halafu akaja Shema. Kijana mtulivu, fundi wa umeme wa mitambo, wazazi wake walikulia Uganda. Gasana alimpenda kwa sababu alicheka mahali panapostahili. Walipokuwa wamekwisha kukubaliana tarehe, Shema akapata kazi katika mgodi mmoja Zambia, jirani na Ndola, na ikawa wazi kwamba Kaze ataondoka naye.

"Ndola!" Gasana akasema alipoambiwa. "Huko nasikia hata kuku wanalipwa mshahara." Akacheka yeye wa kwanza.

Kaze alimtazama. Wiki hiyo nzima alimtazama. Na alasiri moja, wakiwa uani wanaanua nguo, akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mama yake azikwe.

"Baba, nikuulize kitu, na unijibu bila ubwenge?"

"Uliza."

"Unataka niende, au hutaki?"

Gasana alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, yeye Kaze ameshika mbili. Na mimi ninayesimulia ningempiga kibao, maana alichosema ni hiki: "Mwanangu, tangu lini mbuzi akaulizwa habari za soko?"

Kaze akalikunja shuka. "Sawa, Baba," akasema. Akaingia ndani.

Ndiyo basi. Aliomba neno moja la kweli kabla hajaondoka katika nyumba hiyo, akapewa mbuzi. Gasana alibaki uani na kapu la nguo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalijutia jibu lake mwenyewe. Alitaka kumfuata. Alifika mpaka mlangoni. Lakini mtu aliyezunguka maisha yake yote hajui njia iliyonyooka inaanzia wapi, akarudi akaenda kuyamwagia maji mahindi ambayo yalikuwa yamenyeshewa jana yake.

Siku ya gusaba hema lilifungwa kwenye uwanja wa jirani. Gasana hakuweza kuwa msemaji, maana baba wa binti kazi yake ni kukaa na kunyamaza. Alimwita Nkusi, mshindani wake wa miaka mingi, mtu mnene wa Nyamirambo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Walikuwa wanapendana kwa kutukanana. "Leo utaona kazi ya wanaume," Nkusi alimwambia asubuhi akimrekebishia shuka begani. Wageni wakaja na Bayingana, msemaji wao, mrefu, mkavu, aliyekulia Mbarara, Uganda, na mwenye Kinyarwanda cha kuburuta.

Wakachelewa, kama kawaida, na wakasimangwa kwa kuchelewa, kama kawaida. Bayingana akaomba. Nkusi akakataa. Bayingana akamkumbusha babu wa Shema na babu wa Gasana waliochunga pamoja, wakanyeshewa pamoja, wakagawana ngozi moja ya kujifunika. Nkusi akasema anaikumbuka ngozi hiyo, haijarudishwa hadi leo. Hema likaangua kicheko. Gasana alikaa katikati ya shangazi na wajomba, mikono juu ya magoti, akicheka pale anapotakiwa. Ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lililofunikwa kwa khanga, Kaze alikuwa amekaa kwenye kiti, amekwisha kuvaa, haruhusiwi hata kuegemea asije akakunja nguo. Alisikia kila neno kwa vipaza sauti.

Ikafika mahali ambapo vizuizi vimekwisha na msemaji wa wenyeji lazima akajifanye anashauriana na familia. Nkusi akaja akainama sikioni mwa Gasana. Wao wawili walikuwa na desturi ya kusemeshana Kiswahili ili wageni wasidake, na Kiswahili cha Nkusi kilikuwa kile cha Kigali, kimevuliwa viatu.

"Muzee, tunawaambia nini? Watu iko nangoja, na jua iko kari."

Hapo Gasana alitakiwa aseme upuuzi wowote. Waambie waongeze pombe. Waambie mbwa wetu hajawaridhia. Alikuwa nao mia kichwani. Akafungua kinywa, na badala ya mia hizo kikatoka kitu kimoja.

"Waambie sitaki aende."

Nkusi akatabasamu, akangoja kilichobaki.

"Kila asubuhi namuuliza kama kuna mvua," Gasana akasema polepole. "Mbingu mimi naiona. Namuuliza ili nimsikie. Akienda nitamuuliza nani?"

Nkusi alimtazama kwa jicho la fundi anayemwonea wivu fundi mwenzake. Akasimama wima, akainua fimbo, akalimwaga lote hemani kwa Kinyarwanda chake kinono. Wageni wetu wapendwa! Baba mtu anasema hataki! Anasema kila asubuhi anasimama uani, mbingu yote i juu ya kichwa chake, na anamuuliza binti aliyelala kama kutanyesha! Mtamletea nani wa kumtazamia mbingu yake? Mna mtaalamu wa hali ya hewa katika ukoo wenu?

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kali ya siku. Watu walipiga makofi. Wajomba waligongana mabega. Mama mmoja upande wa wageni alijifuta machozi kwa ncha ya mshanana, vazi lake la sherehe. Jirani aliyekaa nyuma alimpiga Gasana begani akamwambia, "Wewe huzeeki, bwana!" Na Gasana, katikati ya kelele hizo, alikuwa anatazama miguu yake. Alikuwa amesema kweli, mbele ya watu wote anaowajua, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Alijua kosa si lao. Miaka yote hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kucheka.

Kicheko kilikatika upande wa nyumba kwanza.

Kaze alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwita, nyimbo hazijaanza, wasichana wa kumsindikiza wamebaki nyuma yake na mikono vinywani. Mshanana umemkaa vizuri, taji la shanga liko kichwani, na uso wake haukuwa uso wa bibi harusi hata kidogo. Alivuka uwanja peke yake. Wageni, ambao kwa kanuni hawakutakiwa kumwona bado, hawakujua waangalie wapi. Shangazi mmoja aliita, "Yesu wangu!" Shema aliinuka nusu, akakaa.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha baba yake, akapiga magoti kwenye nyasi na nguo zake zote nzuri.

Hapo ndipo Nkusi alipoelewa. Alimtazama Kaze, akamtazama Gasana. Hema zima lilikuwa kimya likiwatazama watu wawili, na kila mtu alikuwa karibu kujua kwamba haukuwa mchezo. Nkusi akageuka kwa Bayingana. Sijui walisemeshana nini kwa macho. Hawakuwahi kufanya kazi pamoja kabla ya siku hiyo.

"Nimekuona!" Nkusi akanguruma kwenye kipaza sauti, akimwelekezea Bayingana fimbo. "Wewe ndiye uliyemwita kwa dawa zenu za Mbarara! Na yule ng'ombe wenu mwenye mguu mbovu nimemwona pale getini, msidhani hatukumwona!"

"Mguu mbovu?" Bayingana akadakia, hata pumzi hakuvuta. "Ng'ombe yule anachechemea kwa heshima! Amejifunza kwa babu yako!"

Wakasogeleana, wakielekea upande wa geti, mbali na kiti cha Gasana, wanatukanana matusi matamu, na shingo za watu wote zikageuka kuwafuata. Walimgombania ng'ombe yule ambaye hakuwa na tatizo lolote la mguu, walimpa jina, walimpa wazazi, walimtafutia mganga. Kicheko kikarudi, kikawa kama ukuta. Nyuma ya ukuta huo, baba na binti wakabaki peke yao katikati ya watu.

"Kumbe ulikuwa unaniuliza ili unisikie," Kaze akasema. Alisema kwa Kiswahili.

"Ndiyo."

Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kumpa, na Kaze akaanza kulia.

"Na mimi nikikuuliza? Kwa nini nikikuuliza hunijibu?"

Gasana alimshika mikono. "Uliniuliza lile neno limetoka wapi," akasema. "La nyuki nililitunga. La mchungaji nalo nililitunga. Sijui limetoka wapi, Kaze. Langu ndilo najua lilikotoka. Karagwe, watu walikuwa wanakuja nyumbani wanauliza, nyie ni watu wa wapi? Na ukijibu vibaya unaweza kulala porini. Mama alikuwa ananifinya mgongoni nisijibu. Nilikuwa mdogo, nikajifunza. Waliponiuliza nikawachekesha, wakacheka, wakaondoka. Basi nikajua hivyo ndivyo watu wanavyoondoka bila kukudhuru." Akavuta pumzi. "Ulikuwa ni woga tu, mwanangu. Nikaja kulipwa kwa woga huo, watu wakauita ubwenge, na mimi nikaamini."

"Na Mama?"

"Mama alikuwa anakufa na mimi nilikuwa naogopa. Nilitakiwa nikuite. Nisamehe."

Kaze aliweka kichwa juu ya magoti ya baba yake, taji likaegemea upande. Kule getini ng'ombe alikuwa amekwisha kupewa fimbo ya kutembelea.

"Sasa nijibu," Kaze akasema bila kuinua uso. "Unataka niende?"

"Sitaki uende," akasema Gasana. "Na nataka uende. Nakupenda sana, na nyumba itakuwa tupu, na Shema ni kijana mzuri. Yote ni kweli. Hakuna nililoficha."

Kaze akainuka, akapangusa nyasi magotini, akaweka taji sawa. Alimtazama Nkusi kwa mbali. Nkusi, bila kugeuza kichwa, bila kuacha kumtukana Bayingana, alimwonyesha mlango wa nyumba kwa kidole kimoja nyuma ya mgongo wake. Kaze akarudi ndani kwa mwendo wa kawaida kabisa, na mlango ukafungwa.

"Wageni wetu," Nkusi akasema, ameloa jasho, "kama kuna mtu anadhani amemwona binti wetu, alimwona ndotoni. Jua ni kali. Mpeni maji mtu huyo. Sasa, mlisema mnataka nini katika nyumba hii?"

Bayingana akaomba upya, tangu mwanzo, kama hakuna kilichotokea. Hema zima likakubali kwamba hakuna kilichotokea. Watu wale walikuwa wameona kila kitu, na mpaka leo ukiwauliza watakwambia habari za ng'ombe. Nalo hilo ni ubwenge. Kaze amekwisha kulifikiria sana jambo hilo, na anasema akirudi darasani siku moja hatawapa wanafunzi tafsiri, atawasimulia wanaume wawili waliogombania mguu wa ng'ombe asiye na kilema ili mzee mmoja apate nafasi ya kusema kweli.

Safari hii Nkusi alipokwenda kumwinamia Gasana, Gasana hakusubiri kuulizwa. Alisimama, kitu ambacho baba wa binti hafanyi, akasema kwa sauti yake bila kipaza sauti: "Tumekubali." Watu walingoja kichekesho kinachofuata. Alikuwa amekwisha kukaa.

Kaze na Shema walifunga ndoa, wakaondoka wiki hiyo hiyo. Gasana aliwasindikiza, akarudi Kagugu, akaendelea na udalali wake, na Jumamosi bado anavaa shuka lake na kwenda kukataa mabinti wa watu. Hajabadilika kiasi hicho. Mteja akimuuliza kama paa linavuja, bado atamuuliza yeye analala upande gani.

Ila asubuhi ya kwanza alitoka uani na kikombe chake, akasimama mbele ya dirisha lenye mapazia wazi. Alisimama pale mpaka chai ikapoa. Halafu akatoa simu mfukoni, akapiga, ikaita kwa muda mrefu, na sauti ya usingizi ikaitika kutoka Ndola.

"Kaze," akasema, "huko kuna mvua?"

Akasubiri, simu sikioni. Safari hii alikuwa hajui.